SOMO LA AFYA: MGONJWA KUSHIRIKI UTAFITI WA TIBA AKIWA NYUMBANI

Kutoka Goweko hadi mjini Tabora ni safari ambayo mtu mwenye afya huimudu bila manung'uniko. Kwa mgonjwa, safari hiyo hula nauli, hula siku ya kazi shambani, na nyakati za mvua hula hata nguvu kidogo alizobakiwa nazo. Kwa sababu hiyo, mtu aishiye mbali na hospitali kubwa mara nyingi huachwa nje ya tafiti za tiba, au huanza kushiriki kisha akakatishwa na umbali. Simu ya mkononi imefungua njia nyingine. Somo hili halitangazi utafiti wowote katani. Linaeleza jinsi ushiriki wa namna hiyo unavyofanyika, na mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanapaswa kuyafahamu kabla ya kukubali.

Utafiti wa tiba ni nini

Utafiti wa tiba hupima kwa watu, chini ya uangalizi, iwapo dawa, chanjo au namna fulani ya kumhudumia mgonjwa inafaa na ni salama. Mara nyingi washiriki hugawanywa kwa kura katika makundi mawili: moja hupata huduma mpya inayopimwa, jingine huendelea na huduma ya kawaida, ili matokeo yalinganishwe kwa haki. Mshiriki hachagui kundi, na daktari pia hamchagulii.

Mfano wa Kenya: "Mambo?"

Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waliandikishwa katika utafiti ulioitwa WelTel Kenya1, kwenye vituo vitatu vya Kenya, vikiwemo vya Nairobi na cha Kajiado. Wagonjwa 273 walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki, nao ulikuwa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwamba yu "Sawa" au ana "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule asiyejibu kabisa, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Wagonjwa 265 waliobaki waliendelea na huduma ya kawaida.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika kundi la ujumbe, asilimia 62 walieleza kuwa walimeza dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi jingine. Vipimo vya damu navyo vilionyesha virusi vimefubazwa kwa asilimia 57, dhidi ya asilimia 48.

Utafiti mwingine ulifanyika Yaoundé, nchini Kameruni, kwa wagonjwa 200, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Huko wagonjwa walitumiwa kila wiki ujumbe wa kuwatia moyo, lakini haikuonekana tofauti ya wazi katika umezaji wa dawa. Tafiti hizo mbili zilitofautiana kwa mengi, hivyo haziwezi peke yake kuthibitisha sababu. Hata hivyo, jambo moja lastahili kuzingatiwa: nchini Kenya mgonjwa aliulizwa hali, akasubiriwa ajibu, na aliyenyamaza alitafutwa. Kwa hiyo, swali la kwanza la mgonjwa lisiwe "Nitapewa simu gani?" bali "Nikisema nina shida, nani atanipigia, na baada ya muda gani?"

Mipaka ya simu

Simu haichukui damu, haipimi mapigo ya moyo wala haisikilizi mapafu. Hata katika utafiti wa Kenya, vipimo vya virusi vilifanyika kituoni. Mshiriki aelezwe tangu mwanzo ni siku zipi atahitajika kufika mwenyewe, nani atalipa nauli, na nani atalipia ujumbe anaoutuma. Aelezwe pia dalili za hatari ambazo hazingoji ujumbe wa wiki ijayo. Akipumua kwa shida, akizimia, akivimba uso au akitapika mfululizo, apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na kadi inayoonyesha kwamba yumo katika utafiti na dawa anayotumia.

Ridhaa na siri

Ridhaa hutolewa na mgonjwa mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa faida, hatari na muda wa utafiti. Kukubali kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji ameshauri, au kwa kuogopa kumuudhi mganga, si ridhaa. Mgonjwa ana haki ya kukataa, na ana haki ya kujitoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Katika kaya nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa. Neno "Mambo?" halikutaja ugonjwa wala dawa, hivyo aliyeliona kwa bahati hakupata siri ya mtu. Mshiriki aulize ujumbe wake utasomekaje ukifunguliwa na mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda pia taarifa za afya.

Wajibu wa familia

Mgonjwa aliyeko nyumbani hana muuguzi kando yake usiku. Ana mke, mume, mtoto au jirani. Hao wamsaidie kuchaji simu, kukumbuka saa ya dawa na kuandika tarehe ya kila dalili mpya. Wasijibu "Sawa" kwa niaba yake. Jibu la uongo, hata likitolewa kwa nia njema ya kutowasumbua wahudumu, huficha madhara ambayo yangemgharimu mgonjwa huyo na wengine watakaoitumia dawa hiyo baadaye.

Kutambua utafiti halali

Utafiti wa afya nchini huhitaji kibali cha maadili kinachoratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Majaribio ya dawa na chanjo huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwananchi akipigiwa simu na mtu asiyemfahamu akitakiwa kujiunga, kutoa namba ya siri au kulipa ada ya kujiandikisha, asikubali. Aulize kwanza katika zahanati yake au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika mkutano wa kijiji

1. Mgonjwa asiye na simu atashirikije bila siri yake kutoka nje?
2. Mtandao ukikatika siku tatu, nani atamfikia?
3. Ni nani katika kaya anayejua dalili za hatari na njia ya kufika kituoni usiku?