Chavua na Mzio wa Njia ya Hewa
Mikorosho ya Kitangari huchanua wakati wa kiangazi, msimu uleule ambao wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Kwa mwenye mzio wa chavua, kingamwili aina ya IgE hushikamana na seli za kinga zilizomo katika utando wa njia ya hewa. Protini za chavua zikizigusa, seli hizo humwaga histamini: utando huvimba, makamasi huongezeka, chafya hufuata. Kwa mwenye pumu, mirija hubana. Vumbi la salfa si chavua, lakini nalo huwasha mirija hiyohiyo. Hivyo mhudumu aulize dalili zilianza lini na wapi. Mgonjwa wa pumu akae mbali na upulizaji, asiache dawa yake ya kuvuta. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, awahishwe hospitali.