John Law: Bingwa wa Noti Aliyeangushwa na Hisa

Mfanyabiashara wa leo hupokea noti bila wasiwasi. Miaka 300 iliyopita huko Ulaya mambo hayakuwa hivyo: pesa ilikuwa sarafu za dhahabu na fedha. Mmoja wa waliotaka kubadili hali hiyo ni John Law.

Law alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1671, mtoto wa sonara. Mwaka 1694 alimwua mtu kwa upanga mjini London, akahukumiwa kifo, akatoroka. Alizunguka Ulaya akicheza kamari na kuchunguza kazi za mabenki. Mwaka 1705 alichapisha kitabu akidai kuwa biashara hudorora pesa zikiwa haba, na kwamba noti zingeziba pengo hilo. Bunge la Uskoti lilimkatalia.

Nafasi aliipata Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 alifariki mwaka 1715 akiacha madeni makubwa. Mwaka 1716 Law alifungua benki mjini Paris. Mwenye noti zake aliweza kuzibadilisha kwa sarafu, na mwaka 1717 serikali ilizikubali kwa malipo ya kodi. Watu wakaziamini, na biashara ikachangamka.

Mwaka huohuo Law aliunda kampuni ya kuendesha biashara ya koloni la Ufaransa la Mississippi, Amerika Kaskazini. Hisa zilizoanza kwa livre 500, pesa ya Ufaransa wakati huo, zilikaribia livre 10,000 mwishoni mwa 1719. Lakini koloni lenyewe halikuwa na faida ya kulingana na bei hiyo. Kilichoipandisha ni noti zilizochapwa kwa wingi na benki ileile, ambayo sasa ilikuwa mali ya serikali chini ya usimamizi wa Law.

Mapema 1720 waliong'amua walianza kuuza hisa na kudai dhahabu. Februari, serikali ilipiga marufuku mtu kuweka sarafu za zaidi ya livre 500. Machi, benki iliahidi kununua kila hisa kwa livre 9,000, ikachapa noti zaidi kulipia. Bei za bidhaa zikaruka. Mei 21 ilitangazwa kuwa thamani ya noti itapunguzwa hatua kwa hatua hadi nusu. Amri hiyo ilifutwa baada ya siku chache, lakini imani ilikuwa imekwisha. Desemba Law alikimbia nchi. Alifariki Venice mwaka 1729.

Wazo la noti halikufa. Leo dunia nzima inazitumia. Kilichoanguka ni hisa iliyoshikiliwa na mwuzaji wake.

Kabla ya kununua hisa inayopanda kwa kasi, mwekezaji mdogo aulize mambo mawili: faida ya kuhalalisha bei hii inatoka wapi, na wanaonunua wanatumia pesa ya nani? Kama mwuzaji ndiye mkopeshaji, na ndiye pia mnunuzi, hiyo si bei ya soko.