Mtoto Aliyeanza Kwenda na Kuuliza: Somo kwa Mababa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa wengi katika sisi hudhani kazi ya kumlea mtoto huanza siku anapopelekwa chuoni na juzuu yake kwapani. Kabla ya siku hiyo husema, "Huyo bado ni wa mama yake." Baba hutoka alfajiri, hurudi jioni, hupewa mtoto akambusu, na akilia humrudisha alikotoka. Dhana hii si sahihi. Mtoto huyo afikapo mbele ya mwalimu, ameshasoma miaka mitano au sita, na chuo chake kilikuwa nyumba yako. Ameshajua lipi hupatikana kwa kulia na lipi kwa kusema kweli. Ameshajua pia kama kuuliza ni jambo jema au ni jambo la kupigiwa. Somo letu hili ni juu ya mtoto wa tangu mwaka mmoja hata mitatu, nalo lina mafungu manne.

FUNGU LA KWANZA: Udadisi wa mtoto ni neema

Katika Sura ya Nnahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu atukumbusha ya kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, kisha akatujaalia kusikia na kuona na nyoyo, ili tupate kushukuru. Basi mtazame mwanao kwa nuru ya aya hii. Akitwaa kifuniko cha sufuria akakipiga chini mara kumi, wewe wasikia kelele, na yeye yumo kazini: ataka kujua kama mara ya kumi na moja sauti itakuwa ile ile. Akiangusha kijiko kutoka kitandani, ukampa, akakiangusha tena, usiseme ni jeuri. Ameona ya kuwa kitu kikiachwa huanguka, naye ataka kuwa na yakini. Akikitia kiatu chako kinywani, ni kwa sababu kinywa chake ndicho mizani yake kwa wakati huo.

Ulimi wake bado mzito, kwa hivyo huuliza kwa mkono. Ulimi ukifunguka, maswali yatamiminika: "Hiki nini?" na kisha, "Kwa nini?" Mpe kila kitu jina lake sahihi, wala usimwigize kusema kwake kwa kitoto, kwani yeye akuiga wewe, na nyote wawili mkiigana hapana atakayefundisha. Akiuliza usilolijua, mwambie, "Baba hajui, tutauliza." Neno hili halimshushi baba hadhi. Lamfundisha mtoto adabu ambayo watu wazima wengi wameikosa, nayo ni kunyamaza juu ya wasilolijua. Ama baba ambaye jibu lake la kila siku ni "Kelele!", asistaajabu miaka kumi baadaye mwalimu akimwambia kuwa mwanawe hakai ila kimya, wala haulizi, wala hafahamu.

FUNGU LA PILI: Hatua za kukua

Watu hupenda kuwapima watoto kwa watoto wa jirani. Husema, "Wa fulani ameshakwenda, wako bado yuasimama dede." Maneno haya huwatia huzuni mama na baba bure. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 wenye afya njema, wa nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ikaonekana ya kuwa kila hatua ina wasaa mpana. Kukaa bila ya kushikwa huja baina ya miezi 4 na 9. Kutambaa kwa mikono na magoti huja baina ya miezi 5 na 13 na nusu, na watoto kiasi cha 4 katika kila 100 hawakutambaa hivyo kabisa, nao wakaenda kama wenzao. Kwenda kwa miguu bila ya kushikwa huja baina ya miezi 8 na 17 na nusu. Basi aliyekwenda tata akiwa na miezi tisa, na aliyengoja hata kumi na sita, wote wawili wazima, wala hapana wa kujivunia wala wa kuona haya.

Meno ya kwanza huchomoza aghlabu karibu na mwezi wa sita, na meno yote 20 ya utotoni hutimia kiasi cha miaka mitatu. Neno la kwanza lenye maana huja karibu na kutimia mwaka, na atimizapo miaka miwili huanza kuunga maneno mawili: "Baba njoo," "Maji hapana." Lakini mtoto akipita miezi 18 hajaenda, au hageuki aitwapo, au alikuwa akisema kisha akaacha, hapo usingoje wala usidanganywe na wasemao, "Atakuja mwenyewe." Mpeleke kwa mganga wa hospitali, kwani mtoto asiyesikia vyema akijulikana mapema husaidika zaidi.

Na juu ya kuachishwa ziwa, Sura ya Bakara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na ikataka kuachisha kabla ya hapo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baba na mama. Tazama neno hili, ndugu yangu. Jambo tunalolidhani ni la wanawake peke yao, baba ametiwa ndani yake. Utashaurianaje nawe hujui mwanao ala nini, wala alala saa ngapi?

FUNGU LA TATU: Mwendo wa Mtume na watoto wadogo

Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume (rehma na amani zimshukie) alisali hali amemchukua Umama, mtoto wa binti yake Zeinab. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Kadhalika alikuwa akiingia katika sala kwa nia ya kurefusha, akisikia mtoto alia, huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Naye Al-Akraa bin Habis alipomwona akimbusu Hasan, akasema ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume akamjulisha ya kuwa asiyerehemu harehemewi.

Na Anas bin Malik alikuwa na nduguye mdogo, aliyekuwa ameachishwa ziwa si zamani, akiitwa Abu Umeir. Mtoto huyo alikuwa na kijidege akichezea, kikafa, naye akahuzunika. Mtume akawa akimwuliza habari za kijidege chake kwa kumwita kwa kuniya yake, kama aitwavyo mtu mzima. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibnul-Kass, alitunga kitabu kizima juu ya hadithi hii fupi, akatoa mafunzo kiasi cha sitini. Sisi latutosha moja: huzuni ya mtoto juu ya kijidege ni huzuni ya kweli, nayo yastahili kuulizwa na mbora wa viumbe. Basi kwa nini sisi tumcheke mtoto aliaye kwa kuvunjika kigari chake cha kifuu?

Liko na la kuogopa. Imepokewa na Abu Daud ya kuwa mama mmoja alimwita mwanawe, Abdalla bin Amir, akamwambia aje ampe kitu. Mtume akamwuliza alitaka kumpa nini. Akasema, tende. Akamjulisha ya kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Sasa jihesabu nafsi yako. Mara ngapi umesema, "Nyamaza, nitakuletea halua," nawe hukuikusudia? Mara ngapi umetoroka kwa mlango wa nyuma, huku umemwambia, "Nipo, siendi popote"? Mtoto wa miaka miwili hana hesabu ya fedha, lakini hesabu ya ahadi anayo. Sema, "Baba aenda kazini, atarudi magharibi." Atalia kidogo, kisha magharibi atakuona, na neno lako litakuwa na thamani kwake maisha. Na wale wanaomtisha kwa zimwi ili alale, wajue ya kuwa wampanda woga wataoshindwa kuung'oa.

FUNGU LA NNE: Hatari za nyumbani

Watu husema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali hii yasemwa kwa mkaidi aliyekwisha onywa. Mtoto wa mwaka mmoja si mkaidi, ila hajui, na asiyejua huondolewa wembe. Udadisi ule tuliousifu hauchagui baina ya kijiko na moto. Kwa hiyo ni juu ya baba, kwa mkono wake mwenyewe, kutenda haya:

La kwanza, mafuta ya taa na dawa za kufulia zisitiwe katika chupa ya soda au ya maji, kwani mtoto huijua chupa wala hajui kilichomo. Akinywa mafuta ya taa, asitapishwe, kwani yakiingia mapafuni humdhuru zaidi. Akimbizwe hospitali pamoja na ile chupa.

La pili, kisima kiwe na kifuniko kizito, na ndoo isiachwe na maji sakafuni. Mtoto mdogo aweza kufa maji katika ndoo isiyofika nusu, tena bila ya sauti.

La tatu, jiko na chai ya moto viwe mbali na ukingo na ncha za mkeka. Akiungua, mwagie maji safi yapitayo, si barafu, muda wa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.

La nne, karanga, senti, vifungo, na zile betri ndogo za mviringo ziwe mbali na kinywa chake. Betri hiyo ikimezwa huunguza koo kwa muda wa saa chache, basi usingoje kuona kama itatoka.

Ukishayaondoa haya, mwache atembee, aguse, amwage, aulize. Nyumba iliyotengenezwa vyema yamfanya baba aseme "Usiguse" mara chache, na neno lisemwalo mara chache husikiwa.

MASUALA YA KUJIPIMA

1. Ni neema zipi zilizotajwa katika Sura ya Nnahl, aya ya 78, na mtoto wako hutumiaje kila moja?
2. Nani hushauriana juu ya kuachisha ziwa, na wewe ulishauriana lini?
3. Ni ahadi gani uliyompa mwanao juma hili, nawe hujaitimiza?
4. Leo kabla ya kulala, tazama: chupa ya mafuta ya taa iko wapi?

Atakayeweza kuyajibu yote manne bila ya kuona haya, na ashukuru. Asiyeweza, usiku bado haujaisha. Na aanze kwa lile la nne. Wallahu aalam.