Mche wa Nyanya Uhamishwe Lini?

Waoteshao nyanya huuliza mara nyingi miche ihamishwe siku ya ngapi tangu kuchomoza. Swali hilo halina jibu moja. Mbegu iliyopandwa Taveta au Mombasa, penye joto, yaweza kuchomoza kwa siku tano au sita. Iliyopandwa Limuru wakati wa baridi ya Julai yaweza kukawia wiki mbili, na mche wenyewe ukakua polepole vilevile. Basi mwenye kitalu na atazame majani kuliko kuhesabu siku.

Mche utokapo udongoni huwa na majani mawili membamba, yasiyo na meno. Hayo ni majani ya mbegu; yalikuwa yamekunjwa ndani yake, nayo huulisha mche siku zake za kwanza. Baadaye hutokea katikati majani mengine yaliyochanika kandoni, yenye harufu ya nyanya yakisuguliwa. Majani mawili ya namna hiyo yakiisha kukunjuka, wakati umewadia wa kuutoa mche kisandukuni na kuupa mkebe wake. Kabla ya hapo mizizi ni michache mno.

Kuchelewa nako kuna hasara isiyoonekana upesi. Miche iliyosongamana hunyang'anyana mwanga, ikarefuka na kuwa dhaifu, na mizizi yake hufungamana hata kuitenganisha ni kuikata. Penye unyevu mwingi na hewa haba huingia kinyausi, ugonjwa uozeshao shina usawa wa udongo, na miche iliyosimama jana huonekana leo imelala chini. Lakini hasara kubwa ni hii: kishada cha kwanza cha maua huanza kuumbika ndani ya ncha ya mche wiki chache tu baada ya kuota, kabla jicho halijaweza kukiona. Mche ulioshinda njaa siku hizo hukawia kuchanua, na aliyetumaini kuuza mapema atakuta wenziwe wamekwisha kulijaza soko.

Mkebe wa upana wa sentimita 8 hadi 10, uliotobolewa chini, watosha. Mkubwa mno haufai, kwani udongo usio na mizizi hushika maji na kuozesha. Udongo usitwaliwe mahali palipolimwa nyanya, viazi, biringanya, pilipili au tumbaku, maana mimea hiyo ni ya jamaa moja na huambukizana magonjwa. Hata mvuta sigara yampasa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa kuwa virusi vya tumbaku vyaweza kusafiri vidoleni.

Kazi hii ni ya jioni. Kisanduku kitiwe maji saa chache kabla, kisha mche uinuliwe kwa kijiti kutoka chini, ukishikwa jani, wala si shina. Jani likivunjika litatoka jingine. Shina likibonyea, mche umekwisha. Uzikwe hata karibu na majani ya mbegu, kwa sababu shina la mnyanya hutoa mizizi popote liguswapo na udongo wenye unyevu. Kwa hiyo hata mche uliorefuka vibaya waweza kuokolewa. (Mpapai usifanyiwe hivyo, utaoza.) Halafu ukae kivulini siku mbili tatu.

Dalili ya kuhama tena ni mizizi myeupe kuchungulia katika matundu ya mkebe, na udongo kukauka upesi ingawa umetiwa maji asubuhi. Mwenye shamba ataupeleka shambani ukiwa na kimo cha sentimita 15 hivi. Akaaye mjini, mwenye baraza tu, atautia katika debe la lita 20 lililotobolewa. Asingoje maua. Kama mche umechanua ungali ndani ya mkebe mdogo, maua hayo yakatwe kwanza ili nguvu iende mizizini. Na wiki moja kabla ya kuhamia juani, uzoeshwe: saa mbili nje siku ya kwanza, zikiongezwa kila siku, na maji yakipunguzwa kidogo.