Usiache Dawa kwa Sababu ya Alama ya Kijani
Kijitabu cha elimu kwa wagonjwa wa moyo wanaotumia programu za simu, na kwa ndugu zao

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya malalamiko. Mengi hayaletwi na wagonjwa wenyewe bali na watoto wao, wamesimama kwenye korido ya wodi na simu ya mzazi mkononi: "Lakini hapa panasema yuko sawa." Skrini ina alama ya kijani ya asubuhi ile ile. Mgonjwa yuko kitandani, mkono wa kulia hauinuki. Ukiuliza habari za dawa unajibiwa kwamba aliziacha, maana moyo ulikuwa umeshatulia.

Basi tunaanza na onyo, na tutalirudia mpaka uchoke: USIACHE DAWA YA KUZUIA DAMU KUGANDA KWA SABABU SIMU IMESEMA MOYO UKO SAWA.

Wapo wasiotuamini. Wanasema hospitali inataka tu watu warudi kila mwezi kulipia kipimo. Hatutabishana nao. Tunaomba wasome kurasa hizi, kisha waamue.

Simu inaona nini

Ugonjwa wenyewe ni huu: vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kusukuma damu kwa mpangilio, vinatetemeka. Kwenye daftari lako daktari ameandika herufi mbili, AF. Damu isiposukumwa vizuri hutuama, hasa kwenye kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto. Ikituama huganda. Bonge likichomoka husafiri, na njia yake fupi ni kwenda kichwani. Ndiyo maana mwenye AF yuko kwenye hatari ya kiharusi mara tano hivi kuliko asiyekuwa nayo.

Sasa fungua hiyo programu. Unaweka kidole juu ya kamera, taa inawaka, ncha ya kidole inakuwa nyekundu kama kaa. Kila pigo likifika, damu inaongezeka kidoleni na mwanga unaorudi kwenye kamera unapungua kidogo. Simu inapima nafasi kati ya pigo na pigo. Nafasi zikilingana unapewa kijani, zikivurugika unapewa nyekundu au njano. Saa janja nyingi hufanya kazi hiyo hiyo kwa mwanga wa kijani, na baadhi huchora ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya sekunde 30 kwa njia moja tu. Ile ya hospitali hutumia vibandiko kumi na kuuangalia moyo kwa pande 12.

Si kitu cha kudharau. Lakini ni dakika moja, na siku ina dakika 1,440. Kwa wagonjwa wengi AF huja na kuondoka. Inaweza kukutembelea saa nane usiku na alfajiri ikawa imeshaenda. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa saa janja uliokuwa na washiriki zaidi ya 419,000. Kati ya waliopata arifa ya mapigo yasiyo sawa, wakavaa kibandiko cha kurekodi moyo kwa siku kadhaa na kukirudisha, AF ilionekana kwa asilimia 34 tu. Usikimbilie kusema kwamba saa iliwadanganya wote waliobaki. Kibandiko kilivaliwa baadaye, na ugonjwa unaojificha unaweza kujificha hata kwa kibandiko.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba hatari ya kiharusi haitegemei moyo unapigaje sasa hivi. Inategemea umri wako, presha, kisukari, kiharusi ulichowahi kupata, na hali ya valvu zako. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye ncha ya kidole. Hata waliofanyiwa matibabu ya kuunguza njia za umeme wa moyo, na mapigo yakatulia, wengi hubaki kwenye dawa kwa sababu hiyo hiyo.

Kikokotoo kisichokujua

Hapa tunakuomba usome polepole.

Programu nyingi zina kikokotoo cha hatari ya kiharusi. Unajaza umri, presha, kisukari, inakupa alama. Chukua dada wa miaka 28. Hana presha, hana kisukari. Anajaza, anapata sifuri au moja, na maandishi yanamwambia hatari yake ni ndogo na huenda hahitaji dawa. Kumbe valvu yake ya kushoto imesinyaa kwa homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Dada huyo yuko kwenye hatari kubwa, na anahitaji dawa bila kuangalia alama alizopata. Kikokotoo kile hakikutengenezwa kwa ajili yake. Kilitengenezwa kwa wagonjwa ambao valvu zao hazijasinyaa hivyo, na huku kwetu ugonjwa wa rumatiki bado ni wa vijana, tena wanawake kwa wingi.

Programu hizo hizo hukushauri umuulize daktari kuhusu dawa mpya zisizohitaji kupima damu. Kuuliza si kosa. Lakini mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF na ugonjwa wa rumatiki, barani Afrika na kwingineko. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya. Warfarini ni ya zamani, ni bei nafuu, inasumbua, na kwa mgonjwa huyu ndiyo bora. USIBADILI WALA USIACHE DAWA KWA USHAURI WA SIMU. Na ukiona umepitisha siku zako, piga simu kliniki siku hiyo hiyo, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usiikatishe mwenyewe kimyakimya.

Programu inapofaa

Hatupingi teknolojia. Nchini China, hospitali 40 zilifuatilia wagonjwa zaidi ya 3,300 wa AF. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa waliotumia programu, kiharusi, vifo na kulazwa vilikuwa asilimia 1.9, na kwa wenzao asilimia 6. Lakini programu ile iliwaunganisha na madaktari wao na kuwasaidia kushikamana na dawa. Haikuwaambia waache.

Kwa hiyo itumie kwa kengele ya kumeza dawa, saa ile ile kila jioni. Andika humo majibu ya INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu cha mtumiaji wa warfarini. Kwa wengi tunataka yawe kati ya 2 na 3, na wenye valvu za chuma hupangiwa yao. Andika ulichokula kikibadilika. Mchicha, kisamvu na matembele hupunguza nguvu ya warfarini, lakini hatujamkataza mtu mboga. Tunachotaka ni usile kiasi kidogo wiki hii na sufuria nzima wiki ijayo. Andika kila dawa unayonunua duka la dawa. Flagyl na Septrin hupandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha, diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu.

Jifunze pia kuhesabu mapigo kwa vidole, kitu ambacho kliniki zetu zilifundisha kabla simu janja hazijafika, na tunajivunia hilo. Vidole viwili chini ya kidole gumba, dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwani mapigo ya AF hayalingani. Na ujue kwamba mapigo mengine hayafiki mkononi, ndiyo maana daktari husikiliza kifuani akapata namba kubwa kuliko ya saa yako.

Wakati wa kuitupa simu pembeni

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakakwama: usifungue programu. Tazama saa, kumbuka muda dalili zilipoanza, tafuta usafiri. Dawa ya kuyeyusha bonge, kwa anayefaa kupewa, ina muda wa saa nne na nusu tu, na lazima kichwa kipigwe picha kwanza. Dalili zikiisha baada ya dakika kumi, nenda vilevile. Maumivu ya kifua nayo ni ya hospitali: ECG ya saa haioni shambulio la moyo, na watengenezaji wenyewe wameandika hivyo.

Masharti mengine

ECG ya baadhi ya saa haikusudiwi kwa walio chini ya miaka 22. Wenye betri ya moyo waulize kwanza. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kuifuta picha uliyoituma mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Siku ya kliniki

Njoo na daftari, na dawa zote kwenye mfuko mmoja, za miti shamba zikiwemo; hakuna atakayekugombeza. Onyesha rekodi za siku ulizojisikia vibaya, si zile za kijani peke yake. Na simu iwe na chaji. Soketi ya chumba cha kusubiria ni moja, na imeshachukuliwa na feni.