Siku mbili za starehe Nairobi

Swali: Je, siku mbili Nairobi zinatosha kuona wanyama, kutembea na kula bila haraka?

Jibu: Zinatosha. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, ina kilomita za mraba 117, na alfajiri ndiyo saa ya simba na vifaru. Tembo hawamo, ila yatima wanaolelewa katika kituo cha Sheldrick. Siku ya pili ni ya kutembea katika msitu wa Karura, ambao mwanamazingira Wangari Maathai aliupigania dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Jioni ni nyama choma: mteja huchagua mbavu za mbuzi buchani, hupimiwa kwa kilo, kisha husubiri, pengine saa nzima, hadi zichomwe na kukatwakatwa juu ya ubao, kwa ugali, kachumbari na chumvi pembeni.