Ziwa Likifungwa, Mzee Asifungwe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mpira wa Mazoezi

Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, ili samaki wazaliane. Hapa Kabuta, wilayani Nchelenge, nyavu huanikwa, mitumbwi hugeuzwa kifudifudi, na mzee aliyevuta kamba tangu utotoni huwekewa kiti chini ya mwembe. “Pumzika, baba.” Bibi naye huondolewa ndoo kichwani na mchi mkononi. “Acha, mama, wajukuu wapo.” Maneno hayo husemwa kwa mapenzi, lakini msuli usiobeba kitu hunyauka, na wa mzee hunyauka upesi kuliko wa kijana. Machi ziwa likifunguliwa, mzee yule yule anashikwa mkono ndipo ainuke kitini.

Uzee una lawama yake, lakini nusu ya lawama ni yetu tuliomwondolea mzigo. Mzigo urudi, ila urudi kwa kipimo. Mpira wa mazoezi wa dukani, ule utepe wa kuvuta, unafaa, na usipopatikana, tyubu ya baiskeli iliyochoka inatosha. Miezi hiyo 3 ni karibu wiki 13, na muda huo unatosha kurudisha nguvu. Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee wa Boston, Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wao walitumia vyuma, lakini msuli haujui kama unashindana na chuma au na mpira. Basi asiniambie mtu wa miaka 70 kwamba amechelewa.

FANYA HAYA

1. Pimwa kwanza. Nenda kituo cha afya upimwe presha. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi hali umetulia, mpira ubaki msumarini. Tafuta matibabu kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyepasuliwa karibuni au aliyevunjika mfupa asianze kabla hajazungumza na daktari. Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo ipo Kashikishi; nauli ya kufika huko ni ndogo kuliko gharama ya kuanguka.

2. Andaa mpira kwa uangalifu. Tyubu ya baiskeli kubwa ikikatwa penye ventili hutoa kipande cha karibu mita 2. Ioshe kwa sabuni hadi mafuta yatoke. Ipasue kwa urefu: utepe mwembamba ni mwepesi, mpana ni mzito. Mkasi uwe mkali, kwa maana mpira huanza kuchanika pale ulipoachiwa alama. Ukinunua wa dukani, usidanganywe na rangi. Kwa chapa ya TheraBand, wa njano ni mwepesi kuliko mwekundu, kisha kijani, buluu na mweusi. Watengenezaji wengine wana mpangilio wao.

3. Acha hesabu ikuchagulie uzito. Vuta mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, kisha rudia. Mizunguko 2 inatosha mwanzoni. Ukishindwa kufika 8, mpira ni mzito. Ukifika 15 huku ukipiga soga, ni mwepesi. Chukua mpana zaidi.

4. Anza na miguu, kwa sababu ndiyo inayokuangusha. Keti kwenye kiti imara, kanyaga katikati ya mpira, shika ncha mbili usawa wa nyonga, kisha simama na uketi taratibu. Halafu funga mpira kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, upanue magoti ukiwa umeketi. Hiyo ndiyo misuli ya nyonga inayokuzuia kuyumba upande. Ukimaliza miguu, nenda mikononi: nyoosha miguu, pitisha mpira nyayoni, uvute viwiko nyuma kama mpiga kasia. Mwisho pitisha mpira mgongoni chini ya makwapa, usukume mikono mbele. Mazoezi 4, basi.

5. Hesabu hata kurudi. Vuta kwa hesabu ya 2, rudisha kwa hesabu ya 4. Anayeuachia mpira urudi wenyewe amefanya nusu ya kazi.

6. Pumzisha mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mwenye miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na mazoezi yanayojumuisha usawa wa mwili siku 3 au zaidi. Chagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku zilizobaki tembea.

7. Kula cha kujenga msuli. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini protini yake ni kidogo mno. Chisense wakavu (wale samaki wadogo wa ziwani), maharage na karanga ndivyo vinavyojenga. Na ninyi mnaopakua, acheni kumwekea mzee mchuzi mtupu huku samaki wakienda kwa vijana. Mpeni samaki.

USIFANYE HAYA

1. Usibane pumzi. Ukibana pumzi huku ukikaza mwili, presha hupanda ghafla. Toa pumzi unapovuta, ingiza unaporudisha. Hesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

2. Usifunge mpira kwenye kitu usichokiamini. Mlango usio na komeo, nguzo iliyoliwa na mchwa, kiti cha plastiki: hivyo vyote vitakufuata. Kila aliyewahi kuvuta manati anajua mpira unavyorudi. Kwa sababu hiyo hiyo, usiuelekeze usoni kamwe. Jicho halina tyubu ya akiba.

3. Usiuvute kupita mara mbili ya urefu wake. Ukiona unahitaji zaidi, mpira ni mfupi au mwepesi.

4. Usiviringishe mpira kidoleni hadi damu ikome. Fundo pana au kipande cha kitambaa mkononi kinatosha.

5. Usisimame na mpira kwenye sakafu yenye maji wala mahali pasipo na pa kushika. Miezi ya kufungwa ziwa ndiyo miezi ya mvua. Uwanja ni utelezi mtupu. Duniani kote kuanguka huua watu wapatao 684,000 kwa mwaka, na wanaokufa wengi zaidi ni wenye zaidi ya miaka 60. Usiongeze idadi hiyo kwa zoezi lililokusudiwa kuipunguza. Ukiwa na shaka, keti.

6. Usivumilie maumivu ya kuchoma. Msuli kuuma kwa siku moja au mbili ni kawaida. Kiungo kuchoma, kuvimba au kukwama si kawaida. Punguza au acha. Kifua kikibana, kizunguzungu kikikushika au pumzi ikikata, keti, ita mtu, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

7. Usivute mpira ukiwa na homa. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi sana Zambia. Malaria hupimwa kwa kipimo cha damu. Haitolewi kwa jasho.

8. Usianike mpira juani pamoja na nyavu. Jua huula. Utundike kivulini, na kila siku kabla ya kuanza uvute mbele ya mwanga, ukitafuta ufa. Ukiona ufa, hata mdogo kama kucha, tupa.

9. Usijipime na jirani. Aliyepiga kasia miaka 40 na aliyeketi dukani miaka 40 hawaanzi na mpira mmoja.

10. Wana na wajukuu, msimfanyie mzee anachoweza. Akianza kuinuka kitini, usikimbilie kwapa lake. Simama karibu, mikono tayari, umwache ainuke. Ndoo nusu aliyoibeba mwenyewe ni dawa. Ndoo iliyojaa uliyomnyang'anya ni ugonjwa unaomletea pole pole.

KIPIMO CHA MWISHO

Desemba 1, mzee aketi kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mtu asimame karibu naye. Asiyeweza hata mara moja aandike sifuri bila aibu. Idadi iandikwe kwa mkaa ukutani.

Machi 1 arudie, kiti kile kile, ukuta ule ule, na idadi mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza. Kisha ateremke mwaloni kwa miguu yake, na mtumbwi unaposukumwa majini, mikono yake iwe miongoni mwa mikono inayousukuma. Siku ya mazoezi inayofuata, mpira ushuke tena msumarini.